Wasomaji Wauliza: Pilipili Hoho na Upungufu wa Damu

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu wa miaka 15 alipimwa hospitalini akapatikana na upungufu wa damu, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Jirani ananishauri nimlishe hoho nyekundu kwa wingi kwa kuwa zinaongeza damu, lakini sokoni bei yake inapita mbali ile ya hoho za kijani. Je, ni kweli? Na za kijani hazifai?
Mama wa Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, jirani yako amegusa ukweli kwa upande mmoja tu. Madini ya chuma yaliyomo katika hoho, iwe ya rangi gani, ni haba, hayafiki hata nusu miligramu katika gramu 100. Hoho inasaidia kwa njia nyingine: ina vitamini C kwa wingi, nayo vitamini hiyo huyaweka madini ya chuma ya maharagwe, ndengu na mboga za majani katika hali ambayo utumbo unaweza kuyafyonza. Ndiyo sababu hoho inapaswa kuliwa katika mlo uleule wenye ndengu au maharagwe, si peke yake saa nyingine.

Kuhusu rangi, hoho ya kijani kwa kawaida ni ile iliyochumwa kabla ya kuiva. Gramu 100 za hoho mbichi ya kijani zina takriban miligramu 80 za vitamini C na nyekundu takriban 130, ilhali chungwa lina kama 50 kwa uzito huohuo. Kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, ya kijani inatosha kabisa. Nyekundu inaizidi pia kwa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini hiyo utaipata katika karoti na sukuma wiki kwa bei nafuu. Pesa zingekuwa zangu, ningenunua za kijani.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mapishi yetu. Wengi tunaikaanga hoho pamoja na vitunguu mwanzoni kabisa, kisha tunatia nyanya, maharagwe na maji, na sufuria inaachwa ichemke hadi mchuzi uwe mzito. Kufikia hapo sehemu kubwa ya vitamini C imeharibiwa na moto. Kaanga nusu ukipenda ladha yake, lakini nusu nyingine itie dakika mbili tatu kabla ya kuepua, au uikate nyembamba kwenye kachumbari. Chai nayo isiandamane na chakula, kwa sababu tanini zake huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Anywe baada ya saa moja hivi.

Vidonge asiviache, na umuulize daktari kuhusu hedhi nzito na minyoo, kwa maana damu ikiendelea kupotea, chakula pekee hakitaifidia.

SWALI: Nina vidonda vya tumbo na nimekatazwa pilipili. Je, hoho pia niiache?
Msomaji wa Kangemi

JIBU: Si lazima. Hoho haina kapsaisini, ile kemikali inayofanya pilipili kali iwashe. Hata hivyo, ganda lake likiwa bichi huwasumbua baadhi ya watu kwa gesi, basi anza na kiasi kidogo kilichopikwa. Ikikuletea maumivu, iache.

SWALI: Nimesikia juisi ya hoho inaponya shinikizo la damu. Naweza kuacha dawa?
Mzee wa Dagoretti

JIBU: Hapana, Mzee wetu. Hoho ina potasiamu kiasi na karibu haina chumvi, kwa hiyo ni chakula kizuri kwako, hasa ikiwa wewe na wapishi wako mtaitumia pamoja na dhania na kitunguu saumu kuukoleza mchuzi badala ya viungo vya pakiti, ambavyo huwa na chumvi nyingi. Dawa endelea nazo, na kipimo chochote kibadilishwe na daktari wako.