195/60R14 kwenye MGB yenye rimu za spoki?

Hapana, usifunge tairi hizo (upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana, rimu ya inchi 14) kwenye MGB, gari dogo la michezo la Uingereza. Rimu ya spoki ya inchi 14 uliyonayo ina upana wa inchi 4.5, na 195/60 inataka angalau 5.5. Ukilazimisha, mabavu yanabanwa, tairi linavimba katikati na kuisha huko kwanza, na kwenye kona gari linayumba. Kipenyo nacho kinashuka kutoka kama milimita 620 za 165/80R14, saizi ya kawaida ya gari hili, hadi 590, kwa hiyo spidomita itakudanganya kwa asilimia 5 hivi.

Chukua 165/80R14, ndiyo sawa na ile iliyoandikwa 165SR14 zamani. Usukani unabaki mwepesi. 185/70R14 inaingia (milimita 615), ila angalia nyuma: mara nyingi ubavu unasugua madigadi gari likipakia watu wawili na mizigo. Alama ya spidi T, yaani 190 km/h, inatosha kabisa.

Rimu za spoki za kawaida zinahitaji tyubu, ya saizi ileile ya tairi, na mkanda wa mpira juu ya vichwa vya spoki. Fundi abandue kila stika ya karatasi ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu. Kingo zake huisugua tyubu taratibu mpaka itoboke, halafu unabaki kulaumu spoki.

Soma pia tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi la zamani hivyo liache dukani, hata kama kashata (meno) zake bado mpya.