ASR-10 inaniomba diski kila nikiiwasha. Je, ubao umekufa?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mjomba wangu amerudi kutoka Marekani na kinanda cha Ensoniq ASR-10, kile cha kurekodi sauti na kuzichezesha (sampler), pamoja na boksi la flopi. Nakiwasha kwa transfoma ya kushusha umeme. Kioo kinawaka, kinaniambia niweke diski, naiweka, kinanguruma kidogo halafu kinaniomba tena. Fundi wa hapa Tanga anasema ubao mkuu umekufa na anataka kubadilisha chipu. Nimpe kazi? Na je, ni kweli hii ndiyo mashine ya RZA, prodyuza wa kundi la rap la Wu-Tang Clan, au sauti ile naweza kuipata kwa FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, kwenye laptopu yangu?

JIBU: Ndugu yangu, mwambie fundi asubiri kwanza. Ubao uliokufa hauwezi kukuomba diski. Ili maandishi yale yatokee kwenye kioo, pawasaplai lazima iwe nzima, prosesa iwe inafanya kazi na ROM, yaani chipu ya kumbukumbu ya kudumu, iwe inasomeka. Hiyo ROM ina maagizo machache tu ya kuanzia. Mfumo endeshi wenyewe unakaa kwenye flopi, na kila unapowasha lazima upakiwe upya. Ndivyo Ensoniq walivyokitengeneza mwaka 1992, na vinanda vyao vya kabla ya hapo, EPS na EPS-16 Plus, vilikuwa hivyo hivyo. Kwa maelezo yako, tatizo lipo kati ya diski na kichwa kinachoisoma.

Nina sababu nyingine ya kukuzuia. Ensoniq ilikuwa kampuni ya Malvern, Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1982 na wahandisi waliotoka MOS Technology, kampuni ya kutengeneza chipu. Mmoja wao, Bob Yannes, ndiye aliyebuni chipu ya sauti ya kompyuta ya Commodore 64. Hawa watu walibuni chipu zao wenyewe, na kampuni ilinunuliwa na Creative mwaka 1998. Chipu ya sauti iliyomo humo huipati kwenye duka la vipuri. Inapatikana kwa kuchinja kinanda kingine. Mtu akiichomoa kwa kubahatisha, umepoteza mali.

Kuhusu umeme, soma kibandiko cha nyuma karibu na tundu la waya. Kikisema 120V, kisiguse umeme wetu bila transfoma hata mara moja, na transfoma hiyo usiichangie na pasi.

Sasa chukua flopi moja. Sogeza kile kibati kinachoteleza, zungusha taratibu kwa kidole duara la chuma la nyuma, huku ukitazama utando mweusi chini ya mwanga mkali. Ukiona madoa meupe au ya kijivu, huo ni ukungu, na hewa ya pwani inaulea vizuri sana. Diski hiyo usiirudishe ndani. Ukungu unabaki kwenye kichwa, na kichwa kichafu kinakwangua hata diski nzima itakayofuata. Inawezekana ndicho kilichokukuta: diski ya kwanza ilichafua kichwa, zilizofuata zikakataa zote.

Chomoa umeme, fungua kinanda, toa drevu ya flopi, yaani kifaa kinachosoma diski. Ndani kuna vichwa viwili vinavyotazamana. Vifute kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa aikoholi ya isopropili, ile wanayooshea bodi mafundi simu. Kichwa cha juu kinyanyue kidogo mno, kwa sababu mkono wake ukipinda hautengenezeki. Reli ambayo vichwa vinatelezea huwa na grisi iliyokauka kwa miaka mingi. Ifute, weka tone la mafuta mepesi. Ukiirudisha drevu, weka diski safi na utege sikio. Kama taa ya drevu haiwaki kabisa, kagua utepe wa waya na plagi ya umeme ya drevu. Kama inawaka, diski inazunguka na kichwa kinarudi nyuma na mbele bila mafanikio, basi diski yenyewe ndiyo imechoka.

Diski mpya ya mfumo endeshi haitengenezwi kwa drevu ya flopi ya USB, na hapa wengi wanapoteza siku nzima. Flopi ya kawaida ya kompyuta ina sekta 18 kwa kila njia: njia ni duara la kuandikia data, na sekta ni vipande vyake. ASR-10 inaandika sekta 20: njia 80, pande 2, sekta 20, kila moja baiti 512, jumla KB 1,600. Drevu za USB hazijui mpangilio huo. Unahitaji kompyuta ya zamani yenye drevu ya flopi iliyounganishwa kwenye ubao wake, pamoja na programu kama OmniFlop.

Kwa maoni yangu, usiendelee na flopi. Nunua Gotek, kile kiboksi kinachokaa mahali pa drevu na kusoma flashi. Kiwekee programu ya FlashFloppy, na kwenye faili lake la mipangilio, FF.CFG, andika host = ensoniq. Faili la diski ya mfumo linakaa kwenye flashi pamoja na sauti zako, na ukungu hauna tena pa kushika. Drevu ya zamani ihifadhi, usiitupe.

Nije kwenye muziki. RZA alikuwa mtu wa EPS kwanza, na vinanda hivyo vina mkono wao katika albamu ya kwanza ya Wu-Tang Clan ya mwaka 1993, ASR-10 ilifuata. Timbaland aliifanyia kazi sana, na Kanye West alijenga biti zake nyingi za mwanzo juu yake. Sauti zilizohifadhiwa kwa EPS zinafunguka kwenye ASR-10, kwa hiyo mtu aliyehama hakuacha maktaba yake nyuma.

FL Studio inaweza kukukaribia sana, nakwambia kwa dhati. Kinachokosekana ni kule kubanwa na mashine. ASR-10 ilitoka na MB 2 za kumbukumbu, zinazoongezwa hadi 16 kwa vile vijiti vya zamani vya pini 30. Kwa MB 2, ukirekodi mono kwa kHz 44.1, unapata sekunde 20 na ushei, basi. Ukishuka hadi takriban kHz 30 unapata muda zaidi, na sauti zinazolia kwa pamoja zinapanda kutoka 23 hadi 31, lakini mng'ao wa juu unakatika. Maprodyuza walichezesha santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45 ili ichukue nafasi ndogo, kisha wakaishusha kwa kubonyeza kibao cha chini. Sauti ikarudi nzito, yenye ukwaruzo. Upande wa pili, kibao cha juu kinapandisha sauti ya mwimbaji na kumkimbiza kwa wakati mmoja, na sauti hizo nyembamba za soul ndizo zilizomtambulisha Kanye.

Kinanda kikishawaka, jaribu hivi: rekodi kipande kifupi kwa kHz 30, kipitishe kwenye efekti, kisha urekodi upya matokeo ndani ya kinanda chenyewe, ukirudia mara mbili au tatu. Na hifadhi kila baada ya hatua. Kumbukumbu yake inafutika umeme ukikatika, kwa hiyo weka UPS kati ya ukuta na transfoma yako, ila hakikisha kwanza UPS hiyo inakubali kubeba transfoma.