Jiko halitoi moshi, mbona kichwa kinauma?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mvua ikinyesha naingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Moshi sioni, ila nikifika chapati ya kumi kichwa kinagonga. Ni joto? – Mama Chapati, Tandika

JIBU: Marahaba, mama. Si joto. Chini ya jiko, penye mlango wa hewa, mkaa unaungana na oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi. Gesi hiyo ikipenya kwenye makaa mekundu inageuka kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na ndiyo inayokuumiza kichwa. Ule mwali wa buluu unaocheza juu ya makaa ndiyo hiyo ikiungua; isiyoungua unaivuta wewe. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Utotoni Lushoto, baridi ya Julai, bibi alituwekea jiko chumbani tukalala. Asubuhi tulitapika sote, naye akasingizia maharage!

Weka jiko barazani, chini ya bati, na usiliingize kabla makaa hayajazimika kabisa. Dirisha moja halitoshi. Kichwa kikianza, toka nje kwanza. Chapati na iungue.