Altaneta Moja, Majibu Mawili

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: kipuri cha gari kikichakaa, mwenye gari aangalie nini kabla ya kuamua kukitengeneza au kununua kingine? Jibu langu limetokana na altaneta, yaani kifaa kinachozalisha umeme na kuchaji betri injini ikizunguka, ya gari langu, Toyota Corolla ambayo kwa umri wake, ingekuwa mwanafunzi, ingekuwa imeshamaliza kidato cha sita. Altaneta hiyo iliharibika mara mbili kwa dalili zilezile, na mara zote mbili niliambiwa kwamba inatengenezeka. Mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Siku hiyo nilikuwa kwenye foleni ya Buzuruga, taa ya betri kwenye dashibodi ikawa inawaka kwa kufifia, na nikikanyaga mafuta inazimika. Fundi wa Igogo aliweka mita kwenye betri huku injini ikiunguruma, akapata volti 12.3, ilhali altaneta iliyo nzima huifikisha betri kwenye volti 13.8 hadi 14.4 hivi. Hakukimbilia kufungua. Alianza kwa kukagua mkanda na viungio vya nyaya, jambo ninalolitaja kwa sababu mkanda uliolegea au waya uliooza huleta dalili hizohizo, na mtu anaweza kununua altaneta nzima kwa kosa la waya. Alipoifungua alinionyesha kaboni zilizokuwa zimebaki vijipande visivyofika hata nusu ya urefu wa mpya. Kazi ya kaboni ni kusugua pete mbili za shaba ili kupeleka umeme kwenye rota inayozunguka, nazo zimefanywa laini makusudi, ziishe zenyewe na pete zisalimike. Fundi alipitisha ukucha juu ya pete, kisha akaniambia, "Mwalimu, pitisha na wewe." Zilikuwa laini, hazina mfereji. Nililipa shilingi 35,000 kwa kaboni na ufundi, wakati altaneta ya mtumba kwa bei ya siku zile ilikuwa shilingi 170,000, na gari likatembea zaidi ya miaka miwili bila tatizo.

Mara ya pili nilikwenda gereji nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani Nyegezi. Kaboni zikabadilishwa nikiwa nimekaa kwenye benchi nasoma gazeti, na nikarudishiwa altaneta ikiwa imeshafungwa. Sikuomba kuonyeshwa pete, mimi niliyefundisha fizikia kwa miaka mingi na kuwakemea wanafunzi waliotoa jibu bila kupima. Wiki tatu baadaye, nikitoka Magu usiku na mvua inanyesha, taa za mbele zikaanza kugeuka njano, waipa zikawa nzito, na kabla sijafika Kisesa injini ikazimika. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja hula zaidi ya ampea 9 zenyewe tu, bado waipa, feni na pampu ya mafuta. Altaneta ikiacha kuchaji, mzigo wote huo unabebwa na betri peke yake, na yangu haikuwa changa. Lori la dagaa lilinivuta hadi Igoma, na sitasema nililipa kiasi gani kwa kuwa mke wangu husoma gazeti hili. Altaneta ilipofunguliwa, pete zilikuwa na mifereji ambayo ukucha ulizama ndani yake. Kaboni mpya zilikuwa zimesagika katika wiki hizo tatu juu ya mifereji hiyo. Wapo mafundi wanaobadilisha pete zenyewe na kuzilehemu upya, lakini beringi za altaneta hiyo nazo zilikuwa zinakwaruza, na kujumlisha kazi zote hizo kuliikaribia bei ya altaneta nyingine. Nikanunua.

Kwa hiyo ninachokiangalia kwanza ni kilichochakaa hasa ndani ya kipuri. Kama ni ile sehemu iliyowekwa iishe ili nyingine ipone, natengeneza bila wasiwasi. Kama uchakavu umeshavuka na kuingia kwenye ile iliyokuwa inalindwa, nasita, na mara nyingi nanunua. Breki huenda kwa utaratibu huohuo. Pedi huisha ili diski ibaki, na mtu anayebadilisha pedi mapema anaweza kutumia seti kadhaa juu ya diski ileile. Akichelewa mpaka chuma kisugue chuma, fundi atamshauri diski ikapigwe mashine ya kukereza. Ushauri huo si mbaya, ila diski nyingi zimeandikwa juu yake unene wa chini unaoruhusiwa kwa milimita, na ngoma za breki za nyuma huandikwa kipenyo cha juu kabisa. Ninayo vernia yangu, kifaa cha kupimia unene na kipenyo, ya tangu enzi za maabara, nami hupima kabla na baada ya kukereza. Diski iliyopungua kupita kipimo hicho hupata moto haraka na inaweza kupasuka, hata kama uso wake unang'aa kama kioo.

Boljointi, kile kiungo cha chuma kinachoshikilia gurudumu huku kikiliruhusu kugeuka, sitengenezi kabisa. Nimeshaona inachomwa moto na kugongwa nyundo ili ikaze, na kwa kweli inakaza kwa siku kadhaa. Lakini ikichomoka, gurudumu hulala upande na usukani haukusikii tena, na anayeshuka mlima wa Bugando asubuhi, wagonjwa na wauguzi wakipanda kwa miguu kandokando ya barabara, hana pa kulipeleka gari. Altaneta ikifa utalala njiani. Hasara yake naweza kuihesabu kwa shilingi, na ndiyo maana nakubali kuibahatisha.

Kuhusu kununua, mtumba uliotoka Japani naupendelea kuliko kipya cha boksi lisiloeleweka, ila siununui kwa macho. Altaneta ya mtumba naizungusha kwa mkono nisikilize beringi, namulika tochi kwenye pete, kisha naomba ifungwe kwenye gari papo hapo na ipimwe taa zikiwa zimewashwa. Muuza spea anayekataa kuandika kwenye risiti kwamba nitairudisha ndani ya wiki moja, namuaga kwa heshima.

Kwa sasa gari lilelile lina rejeta, kile kifaa cha kupoza maji ya injini, inayotoa unyevu pale tanki la plastiki linapobanwa kwenye alumini. Zile za zamani za shaba zililehemiwa kwa risasi zikarudi kazini. Plastiki hailehemiwi hivyo, na gundi itapambana na maji ya moto yenye mgandamizo kila siku. Mwezi ujao nina safari ya Musoma. Fundi anaisifu gundi yake, nami nimeshaulizia bei ya rejeta nzima katika maduka mawili.

Mwalimu mstaafu, Nyegezi, Mwanza