Nyie mnaofunga kila tundu: maneno machache kabla baridi haijakolea

Baridi ikiingia tu, simu yangu hujaa picha za majani ya zambarau kutoka kwenu mnaolima nyanya ndani ya kitalu nyumba, ile nyumba ya nailoni. Nyanya changa, majani ya chini yamegeuka rangi upande wa mgongo, na swali ni lilelile la mwaka jana na mwaka juzi: "Mkubwa, imekosa fosforasi, niongeze kiasi gani?" Usiongeze kitu. Fosforasi ipo, tena huenda imezidi, maana nawajua, mmeshamwaga mkono mmoja kabla ya kuuliza. Mizizi ndiyo imepoa. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi hivi, mizizi ya nyanya inazembea, na fosforasi ni ya kwanza kuachwa ardhini. Pasha udongo, majani mapya yatatoka na kijani chake. Ya zamani yatabaki zambarau, yaache.

Naandika kwa pamoja kwa sababu nimechoka kujibu mmoja mmoja, na kwa sababu mnanitia huruma. Kupogoa mnajua, kufunga kamba mnajua, kuzibua mipira ya matone mnajua. Nazungumzia ile miezi ambayo usiku ni mrefu, maji ya kwenye ndoo nje yanaganda, na mtu akiingia ndani ya kitalu nyumba anajiona ameumba kiangazi chake mwenyewe. Hapo ndipo mnapoharibu, na nyote mnaharibu kwa njia moja: mnaiogopa baridi mpaka mnaziba kila tundu.

1. Kipimajoto kimoja hakitoshi. Kimoja kining'inie usawa wa vichwa vya mimea, kikingwe na jua, kingine kichomekwe udongoni kwenye mizizi. Kile kilichopigiliwa mlangoni kinakueleza habari za mlango. Ongeza kipima unyevu. Ukikosa hela ya vyote, anza na hicho. Nyanya chini ya nyuzi 10 inasimama kukua. Usiku ukishuka chini ya 13, chavua inakuwa mbovu, na maua yanadondoka au yanakuletea matunda yenye makunyanzi. Lenga 15 hadi 18 usiku, basi. Kuna mwenzenu alipasha 24 usiku kucha, katikati ya wiki nzima ya mawingu, akashangaa mimea yake inarefuka na shina limekonda. Mmea ukipewa joto bila mwanga unakula akiba yake. Siku ya giza teremsha joto, na kabla ya kulaumu mbegu, osha nailoni. Vumbi la msimu mzima pale juu linakunyima mwanga ambao kipindi hiki huna hata wa kugawana.

2. Hita iwe na bomba la kutolea moshi nje. Nikikuta tena jiko la mafuta ya taa linawaka katikati ya mistari ya nyanya, nitalibeba niondoke nalo. Moto usioungua vizuri unatoa gesi ya ethilini, na nyanya inaisikia ethilini hata ikiwa kidogo sana: majani yanapinda kwenda chini kama yana kiu huku udongo umelowa, kisha vitumba vya maua vinapukutika. Mgeni akiona hivyo anaongeza maji. Moto huohuo unatoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na watu wamekufa ndani ya nyumba za mimea kwa kwenda "kuangalia joto mara moja" usiku.

3. Unyevu. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo niliponyolewa bila maji.

Ilikuwa baridi ile ambayo tayari nilikuwa najiita fundi. Upande wa karibu na hita majani yalianza kuwa na vidoa vidogovidogo vilivyopauka, juu ya jani, vingi kuliko uwezavyo kuhesabu. Jani sikuligeuza. Lensi nilikuwa nayo, kwenye droo. Nikasema: wadudu. Kwenye rafu palikuwa na pairethroidi, dawa ya kuua wadudu, iliyobaki tangu vita vya inzi weupe, nikajaza bomba la mgongoni, nikapuliza nyumba nzima jioni mpaka majani yakachuruzika, maana nilifundishwa kupuliza jioni ili jua lisiunguze. Kisha nikaona kipimajoto kinashuka. Nikafunga madirisha ya paa, nikafunga mlango, nikaziba nyufa za chini kwa magunia, nikazima na feni ili joto lisipotee. Nikaenda kulala nikiwa na amani kabisa.

Kesho yake inzi weupe kadhaa walikuwa chini, nikatamba. Vidoa vikaongezeka. Nikapuliza tena, safari hii kwa dozi kubwa kuliko ya kwenye lebo, jambo ambalo leo nikimwona mtu analifanya nampokonya bomba. Jioni tena. Nikafunga tena. Wiki iliyofuata vichwa vya mimea ya karibu na hita vilikuwa vimefunikwa utando mwembamba, na kwenye utando watu wanatembea.

Wale hawakuwa wadudu. Walikuwa utitiri, miguu minane, ukoo wa buibui, na dawa ile wao haikuwasumbua sana. Iliowasumbua ni walaji wao, utitiri wazuri na wale kunguni wadogo wawindaji waliokuwa wananifanyia kazi bure bila mimi kujua. Hao niliwafagia wote. Tena pairethroidi huwachokoza utitiri: wanahama jani, wanasambaa, wanazaa zaidi. Na mahali nilipowawekea! Pale mbele ya hita hewa ni ya moto na kavu. Kwenye nyuzi 30 yai la utitiri linakuwa mtu mzima kwa siku 8 hadi 10. Kwenye nyuzi 15 linachukua mwezi mzima au zaidi. Nje ni baridi ya kuganda, mimi nimewatengenezea kona ya kiangazi.

Huo ni upande mmoja wa nyumba. Upande wa pili, mwisho kabisa ambako joto la hita halifiki, maji yangu ya dawa hayakukauka usiku kucha. Kwenye visiki nilikokuwa nimechana majani kwa mkono badala ya kukata, palikuwa pamelowa hadi asubuhi, kila siku. Asubuhi moja nikashika kichala nikitafuta tunda lililoiva, kikatoa moshi. Moshi wa kijivu, ukatua kwenye mkono wa sweta langu. Nikakitikisa tena nione vizuri, mjinga mimi, ukatoka mwingine. Zilikuwa mbegu za ukungu wa kijivu, zile zinazohitaji tu jani libaki limelowa saa kadhaa ziote. Nilipofuata shina kwenda chini nikakuta kidonda cha kahawia kimelizunguka lote kwenye kisiki, na juu yake mmea mzima umeanza kulala. Nikang'oa. Ule wa jirani pia. Nikaibeba mikononi, bila mfuko, nikapita nayo katikati ya nyumba yote hadi mlangoni, huku inapukutisha moshi wake kila mstari niliopita.

Mzee aliyenifundisha kazi alipokuja, aliligeuza jani moja, akaliangalia muda, akasema: "Hawa umewafuga vizuri." Hakuongeza neno, akaenda kufungua madirisha ya paa. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nikamwambia joto linatoka. Akaniambia ndiyo, na maji pia.

Mambo yenyewe ni haya. Hewa ya joto inabeba maji mengi. Kila nyuzi 10 zikipanda, uwezo wake wa kubeba unakaribia mara mbili. Ikipoa usiku inayaachia, na yanadondokea kwenye nailoni, kwenye jani, kwenye kisiki. Hewa ya nje ya baridi, hata kama kuna ukungu wa kukufanya usione mlango, ina maji machache sana ndani yake, kwa hiyo ukiiingiza na kuipasha inakuwa kavu. Ndiyo maana fundi anapasha na kufungua kwa wakati mmoja, jambo linalowauma nyie mnaolipa mafuta. Saa mbaya kuliko zote ni alfajiri: jua likichomoza hewa inapata joto haraka, tunda linabaki baridi, na maji yanatua juu yake kama kwenye chupa iliyotoka kwenye friji. Anza kupandisha joto polepole kabla jua halijatoka, fungua paa vidole viwili, feni isizimwe usiku. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 85 usiku kucha, usiseme hukuambiwa.

Majani kata kwa kisu safi, usawa na shina, asubuhi ya siku kavu. Mmea mgonjwa uvalishe mfuko hapohapo ulipo, ndipo uukate.

4. Geuza jani. Nitakapokufa andikeni hilo. Lensi ya kukuza mara kumi iwe shingoni, na ukaguzi uanzie kwenye maeneo ya joto, karibu na hita na mabomba yake, kisha mlangoni. Mitego ya gundi: ya manjano kwa inzi weupe na vidukari wenye mabawa, ya bluu kwa thripi, wale wadudu wembamba wadogo, yote usawa wa vichwa vya mimea, na uipandishe mimea inapopanda. Mtego haukamati utitiri, hawana mabawa. Ukitundika mtego ukaona ni msafi, usije kuniambia nyumba ni safi.

5. Dawa. Badilisha kundi, yaani namna dawa inavyoua, usibadilishe jina. Wengi wenu mnazungusha chupa tatu za rangi tatu ambazo ndani yake ni kundi moja. Namba ya kundi imeandikwa kwenye lebo, isome. Sabuni na mafuta vinaua kinachoguswa tu, kwa hiyo ncha ya bomba ielekee juu, chini ya majani. Mayai hayafi kirahisi, rudia kama lebo inavyosema. Na kipindi hiki puliza asubuhi, mapema kiasi cha jani kukauka kabla ya jioni.

6. Walaji, wale viumbe wadogo wanaoshambulia waharibifu wa mimea, ni wazuri, lakini si wa kuagizwa kwa hasira. Mlaji mashuhuri wa utitiri, Phytoseiulus persimilis, aliingia Ujerumani mwaka 1958 kwa bahati tu, juu ya maua ya okidi yaliyotoka Chile, na tangu hapo amefanya kazi kubwa duniani. Ila anataka unyevu zaidi ya asilimia 60, na kwenye nyanya vinyweleo vyenye gundi vinamchosha. Nyigu mdogo Encarsia formosa, aliyetumiwa dhidi ya inzi weupe Uingereza tangu miaka ya 1920, anazubaa chini ya nyuzi 18 na siku zikiwa fupi. Ukimmwaga katikati ya giza la baridi, umemwaga hela. Ukimmwaga baada ya pairethroidi, umemuua, kwa sababu mabaki ya dawa hiyo yanakaa wiki nyingi kwenye jani.

Kuna mmoja wenu, jina nalihifadhi, alinipigia akishangilia kwamba walaji wake wamezaana: "Wekundu, mkubwa, wamejaa kwenye kamba!" Nikaenda. Walikuwa majike wa utitiri wenyewe. Siku zikifupika na baridi ikiingia, majike hugeuka rangi ya machungwa yenye wekundu, huacha kula, hujibanza kwenye mafundo ya kamba, nyufa za nguzo, matundu ya miti, wakisubiri siku ndefu. Mlaji ana umbo la peari, anang'aa, na anakimbia kama amechelewa. Hawa walikuwa wamelala. Mwenzenu alikuwa amekaa wiki nzima akiwalinda. Kwa hiyo kamba za msimu uliopita zitupwe zote, hata zikiwa nzima, na nguzo zisuguliwe kabla ya kupandikiza. Wapo wanaozifua kamba na kuzitumia tena. Hao najua watanipigia lini.

7. Maji: kidogo, asubuhi, yasiwe ya barafu. Mmea wa baridi hunywa sehemu ndogo ya ule wa kiangazi, na udongo uliolowa muda wote unaleta kuoza kwa mizizi na vile vijinzi vyeusi vinavyorukaruka kwenye vyungu. Ukitaka kujua kama funza wao wapo, laza kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo, kigeuze baada ya siku chache.

8. Ua lako la sebuleni halina hifadhi kwenye nyumba yangu. Hata kama ni la mama. Vidukari wengi wa katikati ya baridi niliowahi kuwafuata mpaka chanzo chao, nilikuta wametokea kwenye chungu cha mtu "cha muda tu".

9. Theluji ikianza kulala kwenye paa, ifagie ingali nyepesi, kwa ufagio laini, na washa joto mapema ili iteleze. Ikishalowa uzito wake unapinda vyuma.

10. Hita haifi mchana. Inakufa saa ile ya baridi kuliko zote, kwa sababu ndiyo saa inayofanya kazi kuliko zote. Funga kengele ya joto inayopiga simu, yenye betri yake yenyewe isiyotegemea umeme wa nyumba. Na kabla hujaiamini ijaribu: tumbukiza kihisi chake kwenye glasi ya maji yenye barafu, mchana, ukiwa macho, uone kama simu italia. Mara mbili nimekuta kengele nzuri kabisa imefungwa, na namba iliyowekwa ndani ni ya mtu aliyeacha kazi.