Muulize Anko: Saiti mira wamebeba, pawa windo nayo wamebeba

SWALI: Shikamoo anko. Nakaa Tabata Segerea, nina IST naiacha nje ya geti maana ndani nafasi ni moja na mwenye nyumba ana gari mbili. Mwezi uliopita nimeamka saiti mira zote hazipo, nikanunua, juzi wamerudi wakatoa swichi za pawa windo na kontroboksi (ile kompyuta ya gari), gari haiwaki kabisa. Jirani ananiambia nenda Kariakoo kwenye spea yuzdi utazikuta zako, mwingine anasema funga alamu, fundi kakomaa na jipiesi, kile kifaa cha kuonesha gari iko wapi. Hela niliyonayo ni ya kitu kimoja, nianze na kipi?

ANKO: Marahaba mwanangu, pole sana. Jipiesi achana nayo kwa sasa, maana kwa haya uliyonieleza ingekuonesha tu kwamba gari yako iko Segerea nje ya geti lako, kitu ambacho unakijua. Hao jamaa hawana shida na gari, wana shida na spea, na hawa ndo wengi hapa mjini kwasababu IST, Vitz, Passo na Noah zimejaa kila kona yani kitu hakijachomolewa tayari kina mteja.

Hela yako ya kwanza peleka kwenye kuandikisha namba. Wale vijana wenye mashine wakuchoree namba ya gari kwenye vioo vyote, taa za mbele na nyuma, na vioo vya saiti mira, na usikubali wakuchoree kadogo pembeni eti gari isiharibike urembo, iwe kubwa mtu akipiga tochi aione, kwasababu kitu chenye namba ya mtu kinauzika kwa tabu na bei inashuka, mwizi hana muda huo, anahamia gari ya jirani (jirani anisamehe). Hapo hapo mwambie fundi akupigie ribiti kwenye saiti mira. Kile kioo chenyewe kimeshikwa na vibanio vya plastiki tu, mtu anaingiza vidole kwa chini anavuta, kinalia "ta!" kashaweka kwenye begi.

Kontroboksi ni habari nyingine maana lazima mwizi aingie ndani. Anafungua mlango kidogo kwa juu kwa kupachika kitu anapitisha waya, au anavunja kile kioo kidogo cha pembeni, akishaingia anang'oa droo ya dashibodi upande wa abiria maana kwenye Toyota nyingi boksi linakaa huko nyuma yake. Mafundi wa kuchomelea wanatengeneza kikava cha chuma kinachozunguka boksi, nati zake zinakuwa za aina ambayo spana ya kawaida haifungui. Anaweza kukifungua akikaa sana, ila hakuna kibaka anayetaka kukaa sana.

Alamu siipingi lakini mitaa yetu tunaijua, bodaboda ikipita inalia, paka akirukia boneti inalia, siku ya tatu hata wewe mwenyewe unaizima kwa rimoti ukiwa kitandani macho yamefumba. Bora hiyo hela wapangaji mchange taa kubwa nje na mlinzi, na huyo mwenye nyumba mkalishe umwambie kistaarabu mpeane zamu ya kulala ndani, kodi si unalipa?

Kuhusu kwenda kuzinunua zako mwenyewe, kwanza pita kituo cha polisi uchukue RB, ile karatasi yenye namba ya taarifa yako. Najua watu wanaona kuripoti saiti mira ni kupoteza muda, lakini kama una bima kubwa hiyo karatasi utaombwa, na kama una bima ndogo ujue kabisa kwamba wizi haumo, ile inamlipa mtu uliyemgonga tu basi. Ukizikuta dukani usinunue kimya kimya, piga picha rudi na askari. Na ukiuziwa kitu bila risiti kwa bei ya kushangaza jiulize kilitoka Segerea ya nani, maana kupokea mali ya wizi ukijua nalo ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu.

SWALI: Anko habari za kazi. Nina Noah naikodisha. Jamaa kaichukua akasema ana harusi Morogoro, tukaandikishana, sasa simu hapokei na jipiesi imeonesha Chalinze mara ya mwisho ikakata. Nimeenda kituo kimoja naambiwa huu sio wizi, mmepatana wenyewe, kamdai. Ni kweli?

ANKO: Hapana kaka, usikubali kurudi nyumbani na hilo jibu. Mtu uliyemkabidhi mali kwa kazi maalum akaigeuza yake, huo unaitwa wizi wa kuaminiwa na kesi zake zipo mahakamani kila siku. Rudi na mkataba, kopi ya kitambulisho chake cha NIDA, kadi ya gari, na picha ya skrini ya mwisho ya jipiesi yenye saa na sehemu, omba kumuona mkuu wa kituo, ikishindikana panda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Fanya haraka kabla gari haijabadilishwa pleti.

Ila nikutahadharishe, mara nyingi gari za kukodi hazijauzwa, zimewekwa bondi. Jamaa anaipeleka kwa mkopeshaji anachukua milioni zake anazima simu. Ukiipata utamkuta huyo mkopeshaji naye kavimba, anakwambia nirudishie hela yangu ndo uchukue gari. Usimlipe hata mia, nenda na polisi, aliyeiweka bondi hakuwa na haki ya kuiweka. Ndo maana nasema kila siku kadi orijino isikae kwenye gari, weka kopi tu, kadi orijino ikiwa kwenye droo umemrahisishia mtu kazi yote.

Na hiyo jipiesi, ilifungwa wapi? Kama ni chini ya usukani kule ambako kila fundi anaweka, basi imechomolewa na mtu aliyejua pa kushika. Nyingine kifaa ni kizima ila laini yake imeisha bando maana nayo ni laini ya simu kama zingine. Ukiipata gari funga mbili, moja sehemu ya kuonekana na nyingine ya siri yenye betri yake, laini zote ziwe zimesajiliwa kwa alama za vidole vyako sio za fundi. Kama ina kipengele cha kuzima injini kwa simu usikibonyeze gari ikiwa inatembea, injini ikizima usukani unakuwa mzito, breki nazo zinakuwa ngumu, na kwenye Morogoro Road na yale malori hapo umeua watu. Subiri uone imesimama ndo uzime.

SWALI: Anko, Harrier yangu ni ya kubonyeza batani. Nasikia wezi wanaifungua bila funguo, ni uzushi?

ANKO: Sio uzushi. Mmoja anasimama na kifaa karibu na dirisha lako kinadaka mawimbi ya funguo, mwenzie yuko kwenye gari, gari inadhani funguo iko pale. Kuna na nyingine, mwaka 2023 wataalamu walieleza jinsi RAV4 moja ilivyoibiwa London kwa kuchomeka kifaa kwenye nyaya za nyuma ya taa ya mbele, funguo wala haikuhusika. Kwa ile ya kwanza weka funguo kwenye kikopo cha chuma chenye mfuniko, alafu kakijaribu, simama nacho mlangoni mwa gari uvute kitasa, ikifunguka tafuta kikopo kingine. Kwa ile ya pili nunua lile kufuli la chuma la usukani, ni la kizamani lakini halisomi mawimbi. Na kama gari uliinunua mkononi kwa mtu ukapewa funguo moja, nenda kwa fundi umeme mwenye mashine afute funguo zote za zamani kwenye kumbukumbu ya gari asajili zako tu, maana ile funguo ya pili hujui iko kwa nani.