Mwalimu, hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke!

Nimesoma swali lako, mwalimu wa Tororo, chai ikanipalia. Eti muhula ukiisha unaacha chaki uwe mwandishi wa kujitegemea, kwa kuwa mhariri fulani kakwambia, "Wewe leta habari, pesa itafuata." Maneno yale yale niliyoambiwa mimi!

Mimi niliuza bodaboda. Tena Busia, mji uliozaa hilo neno enzi za baiskeli za kuvusha watu mpaka wa Uganda na Kenya. Mtu wa Busia kuuza boda ni kama mvuvi kuuza mtumbwi. Nikanunua kamera.

Habari yangu ya kwanza ilikuwa foleni ya malori. Siku mbili juani, nikahoji madereva 11. Gazetini ikatoka aya moja, chini ya tangazo la magodoro, jina langu halipo. Mwisho wa mwezi nikapanda basi hadi Kampala, karibu kilomita 200, kudai changu. Mhasibu akafungua gazeti, akatoa rula. Rula, jamani, kama za wanafunzi wako! Akapima urefu wa habari yangu: sentimita 6. Nikalipwa hizo sentimita, hata nauli ya kwenda haikurudi. Mhariri nikakutana naye kwenye ngazi, akanipiga bega: "Umeanza vizuri, kijana." Kijana! Nina watoto watatu, na ada zao hazipimwi kwa rula.

Nilijikaza miezi 7, kisha kamera ikaenda kwa nusu bei.

Humu jukwaani watakutisha kwamba polisi watakukamata kwa unachoandika. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo. Ile rula hakuna aliyeifuta.

Basi shika hili: kazi inayokulisha usiiguse mpaka uandishi umekulipa miezi 6 mfululizo, pesa umeziona kwenye simu yako. Bei ya habari iulize kabla hujatuma, kwa ujumbe, usipige simu, maana simu hawa watu huisahau. Andika usiku, andika Jumamosi.

Mimi sasa asubuhi naendesha boda ya mtu, jioni nasoma habari za Kiswahili redioni. Hiyo siachi. Juzi mama mmoja sokoni alinitambua kwa sauti, akaniongezea nyanya mbili. Zimezidi sentimita 6.

Uliuliza pia mambo ya diploma, na blogu, na nini vile... wengine watakujibu. Barua umeshampa hedimasta au bado?